Hezroni na Samaki wa Mwiba

Ikombe ni kijiji kilichobanwa. Nyuma yake Milima ya Livingstone imesimama wima, mbele yake ni ziwa, na katikati pamebaki kipande chembamba cha ardhi ambacho watu wamejengea nyumba, kanisa na matanuri ya vyungu. Wanawake wa pale hufinyanga, wanaume huvua. Hezroni alizaliwa hapo, mtoto wa tatu wa Kisa, mwanamke ambaye vyungu vyake vilijulikana sokoni Matema kwa wepesi wake na kwa midomo yake iliyolainishwa vizuri.

Tangu utotoni Hezroni hakuwa mtu wa nyavu. Kuketi kwenye mtumbwi akisubiri kulimchosha. Alichopenda ni kuzama. Chini ya miamba ya Ikombe maji ni maangavu, na mtu akifungua macho huona samaki wadogo wa bluu, wa manjano na wa mistari wakichungulia kwenye nyufa kama watu dirishani. Wenzake waliona ni mchezo wa watoto. Samaki wale hawajazi sufuria, walisema, sasa unawafuata wa nini?

Akaja mtu aliyewataka. Aliitwa Theophil, mfanyabiashara kutoka Bukoba, na kazi yake ilikuwa kununua samaki wa mapambo na kuwasafirisha wakiwa hai kwenda kwa watu wanaowafuga katika visanduku vya vioo. Hezroni alikuwa na miaka ishirini na mbili. Theophil alimpa miwani ya kuzamia na vyandarua viwili vidogo, akamwonyesha jinsi ya kumfukuza samaki taratibu hadi ajiingize mwenyewe wavuni, na jinsi ya kumpandisha kwa hatua, maana akipandishwa haraka tumbo hujaa hewa na hafiki kwenye ndoo akiwa mzima. Baada ya miezi mitatu hapakuwa na mtu ufukweni kote aliyemzidi Hezroni. Alikuwa na subira chini ya maji ambayo juu ya maji hakuwa nayo.

Mwaka 2018 Theophil akamwambia, "Samaki wa ziwani sasa wanazalishwa hukohuko nje, wateja wamepungua. Wanataka wa baharini. Utaweza bahari?"

"Maji ni maji," alijibu Hezroni.

Hayakuwa hivyo. Huko pwani ya Mtwara chumvi ilimwasha macho na koo wiki nzima. Siku ya kwanza aliacha ndoo zake ukingoni mwa maji, akaenda kula, aliporudi akakuta maji yameondoka na ndoo zimebaki kwenye tope jeusi. Alisimama akitazama kama mtu aliyeibiwa. Wenyeji walicheka mpaka wakaketi. Aliyepangiwa kufanya naye kazi alikuwa Shamte, mzamiaji wa makamo, mpole, mwenye ndevu za mvi na meno ya tumbaku. Shamte ndiye aliyemfundisha kusoma kupwa na kujaa, na ndiye aliyemwonyesha samaki wa kuogopa.

"Papa utamwona," Shamte alimwambia. "Taa utamwona ukitembea kwa kuburuza miguu. Huyu hutamwona. Huyu utamgusa kwanza."

Alikuwa akisema juu ya samaki mmoja mdogo ambaye wazamiaji wa pale walimwita nge. Mkubwa wao hakuzidi kidole cha kati. Kichwa kikubwa, mdomo uliogeuka chini kama wa mtu aliyeudhika, na mwili wenye mabaka mekundu na ya kahawia yaliyofanana kabisa na jiwe lililoota ukungu. Mchana kutwa hukaa chini ya vipande vya matumbawe, mara nyingi tumbo limeegemea dari ya shimo, hatikisiki. Mgongoni ana safu ya miiba mifupi iliyovikwa ngozi laini, na ndani ya kila mwiba kuna mfereji wa sumu. Hamfuati mtu wala hamrukii mtu. Anakaa tu, na anayeweka mkono juu yake anajichoma mwenyewe.

Katika chumba cha kufungia samaki, Theophil alikuwa amebandika ukutani karatasi yenye picha za samaki wa kuagizwa. Nge walikuwa na safu yao: sita au saba, mmoja mwekundu zaidi, mwingine mwenye mapezi mafupi, mwingine mwenye doa karibu na shavu. Juu yao wote liliandikwa jina moja la ukoo, Scorpaenodes. Hezroni alilisoma kwa kukata silabi, Theophil akamsahihisha. Wateja fulani, alieleza, waliwapenda kwa sababu hawahitaji sanduku kubwa na hawana fujo. Hezroni hakuelewa kwa nini mtu amweke nyumbani kwake samaki anayejificha kutwa na mwenye sumu, lakini aliwakamata. Alitumia vyandarua viwili na kijiti kirefu, na kwa mwaka mzima aliwatoa nge zaidi ya sitini bila kuguswa na hata mmoja.

Siku aliyochomwa hakuwa akimtafuta nge. Alikuwa anamfuata samaki mwingine wa manjano aliyeingia chini ya bamba la tumbawe. Alishika ukingo wa bamba kwa mkono wa kushoto ili ajivute. Akasikia kitu kikimgonga kwenye kidole cha kati, kama pigo la nyundo ndogo. Alipotazama hakuona kitu ila vitundu vitatu, na damu ikitoka kijani, maana kwenye kina kile damu haionekani nyekundu.

Alipofika juu alikuwa bado anaweza kusema. Walipofika ufukweni alikuwa hawezi. Maumivu yalipanda kutoka kidoleni hadi kwapani yakatulia hapo, yakawa yanapiga kwa mapigo ya moyo. Alitapika. Alimwomba Shamte amkate kidole kwa panga, na alikuwa hatanii. Shamte aliwasha moto wa makumbi ya nazi, akateleka maji kwenye sufuria ya bati, akayapooza kwa maji ya kisima, akatumbukiza mkono wake mwenyewe hadi kwenye kifundo, akautoa, akaongeza maji baridi, akautumbukiza tena. Ndipo akaushika mkono wa Hezroni akauingiza.

"Vumilia. Sumu hii haipendi moto."

Kwa dakika chache hakuna kilichobadilika. Kisha maumivu yakaanza kurudi nyuma, kutoka kwapani hadi kwenye kiwiko, kutoka kiwiko hadi kiganjani, polepole, kama mtu anayeondoka huku akigeuka kutazama. Shamte alibadilisha maji kila yalipopoa, na kila mara alianza kwa kutia mkono wake. Baada ya saa moja na nusu Hezroni aliweza kunywa chai.

Kidole hakikupona sawasawa. Ngozi ya ncha ilikufa ikabanduka, na kiungo cha juu kikabaki kigumu, hakikunjiki. Aliendelea na kazi, ila sasa alikuwa anafikiri kabla ya kushika kitu. Kisha ukaja mwaka 2020, ndege za kupeleka samaki zikaacha kuruka kwa ajili ya korona, Theophil akafunga chumba chake akarudi Bukoba. Hezroni akapanda basi hadi Kyela akiwa na begi, miwani ya kuzamia na kidole kimoja kilichonyooka.

Nyumbani walimpokea vizuri. Mama yake alimchinjia kuku, na jioni kadhaa watu walikuja kusikiliza habari za bahari. Aliwaeleza juu ya maji yanayoondoka na kurudi, wakasema anatia chumvi. Aliwaeleza juu ya samaki mdogo kuliko kidole anayeweza kumlaza mwanaume siku mbili, hapo wakamwamini mara moja, kwa sababu na wao walikuwa na wa kwao.

Wao walikuwa na ngogo. Ni kambare mdogo wa ziwani, mwenye madoadoa na ndevu, na ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na mmoja kila ubavu. Akishikwa huikaza ikasimama kama iliyopigiliwa, kisha hulia sauti ya kukwaruza. Nyama yake ni tamu na wavuvi humleta kwa wingi, hivyo kila wiki kulikuwa na mtu aliyechomwa. Walitibu kila mmoja kwa njia yake. Wengine walipaka mafuta ya taa, wengine walifunga uzi kwenye kidole mpaka kikawa cheusi, wengine walichanja kwa wembe wakafyonza.

"Maji ya moto," Hezroni aliwaambia. "Mimi nimeponea hayo."

"Hayo ni ya samaki wa chumvi," alijibu Mzee Asegelile, mzee wa kanisa, ambaye alisikilizwa kwa kila jambo, hata yale asiyoyajua. "Wa kwetu ana dawa zake."

Hezroni hakubishana. Lakini jambo lile lilimkaa. Alikuwa mtu wa miaka ishirini na sita aliyerudi nyumbani bila kitu cha kuonyesha, na hiki kimoja alikijua kwa hakika kuliko wote.

Nafasi ilikuja asubuhi moja ya mwezi wa tano. Brenda, mke wa mvuvi aliyeitwa Andrew, alikuwa anasafisha ngogo karibu na tanuri la Kisa. Kazi yake ilikuwa kununua samaki mitumbwi inapotua, kuwasafisha, kuwakausha kwa moshi na kuwapeleka Matema, na siku nyingine hadi Ipinda. Ngogo mmoja aliyedhaniwa amekufa aligeuka ghafla, mwiba ukaingia chini ya kidole gumba cha mkono wa kulia, ukakatikia humo.

Brenda hakuwa mwanamke wa kelele, lakini siku hiyo alipiga kelele. Watu wakajaa. Mmoja alileta wembe. Hezroni akaupangua.

"Mwacheni! Mama, una maji motoni?"

Kisa alikuwa na chungu cha maji kwenye mafiga, kinakaribia kuchemka. Hezroni alikiepua, akamimina humo kata mbili za maji ya ziwani, akamshika Brenda mkono akautia ndani. Wote walikuwa wanatazama, na Mzee Asegelile alikuwa miongoni mwao. Hezroni alijua wanamtazama.

"Unasikiaje?" alimuuliza.

"Sisikii moto. Nasikia mwiba tu."

Aliona hiyo ni dalili njema. Akaushikilia mkono ule ndani ya chungu, na Brenda alipotaka kuutoa alimwambia, "Vumilia, sumu hii haipendi moto," vilevile kama alivyoambiwa. Robo saa ikapita. Kelele za Brenda zikapungua, watu wakaanza kunong'ona kwamba labda kweli. Hezroni akatabasamu. Ndipo akautoa mkono.

Ngozi ya mgongo wa kiganja ilikuwa nyeupe na imejikunja kama ya mtu aliyefua kutwa. Wakati bado wanatazama, ikaanza kuvimba malengelenge, moja, mawili, kisha likawa lengelenge moja kubwa kutoka kwenye kifundo hadi mashina ya vidole.

Kisa, aliyevijua vyungu vyake, alitia ncha ya kidole majini akakirudisha haraka. Chungu cha udongo kikitoka motoni huendelea kuyapasha maji yaliyomo kwa muda, si kama sufuria ya bati. Kila mwanamke pale alilijua hilo. Hezroni alikuwa hajawahi kupika.

"Umemchoma mtu," Kisa alisema taratibu. "Hezroni, umemchoma mtu."

Andrew alifika akikimbia kutoka kwenye nyavu. Alimtazama mke wake, akamtazama Hezroni, akasukuma mtumbwi majini. Walikwenda watatu hadi zahanati. Brenda alikaa katikati, mkono umefunikwa kwa kanga iliyoloweshwa. Hezroni alinyoosha mkono kuchukua kasia.

"Kaa hapo," Andrew alimwambia bila kugeuka. "Mikono yako nimeshaiona."

Akapiga kasia peke yake mpaka wakatua.

Muuguzi wa zamu alikuwa Generosa, mtu wa Muleba, aliyekuwa na mwaka wa pili katika kituo kile. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kavu, na alikuwa na mazoea ya kuuliza swali moja kwa wakati. Alitoa kipande cha mwiba, akaosha kidonda, akamchoma Brenda sindano ya pepopunda, akafunga mkono. Kisha akatoka nje alikokuwa amekaa Hezroni.

"Wewe ndiye mwenye maji ya moto?"

"Ndiyo, dada."

"Nani alikufundisha?"

"Mtu wa pwani. Nilichomwa na samaki wa baharini, akanitibu hivyo nikapona."

"Huyo mtu wa pwani, kabla ya kukutia mkono wako, alitia wa nani?"

Hezroni akakumbuka. Alimwona Shamte kwenye moto wa makumbi, akitumbukiza mkono wake, akiutoa, akiongeza maji. Mara tatu, mara nne. Muda wote huo alikuwa amedhani mzee yule alikuwa ananawa.

"Alitia wake," alisema.

"Kwa sababu mkono uliochomwa hausikii joto," Generosa alimwambia. "Maumivu ya sumu yanaziba yote. Ukimuuliza mgonjwa kama maji ni ya moto atakwambia hapana, huku anaiva. Unapima kwa mkono mzima. Wako, au wake wa pili."

"Kwa hiyo maji ya moto si makosa?"

Generosa alimkazia macho, kama anayepima iwapo anastahili kuambiwa. Kisha alisema, "Si makosa. Imeandikwa hata kwenye kitabu changu. Miiba ya samaki wengi wa sumu, wa baharini na hawa kambare, sumu yao inaharibika kwa joto. Maji ya moto ambayo mkono mzima unayavumilia, nusu saa hadi saa moja na nusu, halafu uje kwangu kutolewa mabaki na kuchomwa sindano. Lakini joto linaloua sumu na joto linalochoma ngozi ni majirani, nyumba kwa nyumba. Wewe umegonga mlango usio wenyewe."

Hezroni aliinamisha kichwa. Ingekuwa rahisi kwake kama angeambiwa kwamba jambo lote lilikuwa upuuzi. Kujua kwamba alikuwa sahihi na bado amemuumiza mtu kulikuwa kuzito zaidi.

Jumapili baada ya ibada wakakutana nyumbani kwa Mzee Asegelile. Andrew alieleza. Hezroni hakujitetea, alisema alitaka watu waone, ndiyo maana hakufikiri. Maneno hayo yaliwashangaza waliokuja kusikia visingizio. Wazee wakaanza kuzungumza juu ya kuku wa fidia na juu ya kuomba radhi mbele ya ukoo. Brenda, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka na mkono wake umefungwa kama mtoto mchanga, akawakatiza.

"Mimi sitaki kuku," alisema. "Mkono huu ndio unaosafisha samaki. Samaki hawangoji nipone. Yeye aliyeuchoma aje asafishe."

Wanaume walicheka. Kuketi ufukweni na wanawake na kisu cha samaki haikuwa kazi ya mwanaume wa pale. Brenda hakucheka, na Andrew naye hakucheka.

"Nitakuja," alisema Hezroni.

Akaja. Kila asubuhi, kwa wiki tano, aliketi kwenye jiwe kati ya Brenda na binti mmoja wa jirani, beseni magotini. Wavuvi waliopita walimwamkia kwa Kinyakyusa, "Ugonile, mama," wakapasuka kwa kicheko. Aliitikia kwa adabu akaendelea. Siku za kwanza alikuwa mzito na kidole chake kigumu kilimsumbua. Brenda alimwelekeza kwa maneno tu. Usimshike kiunoni. Mshike nyuma ya kichwa, dole gumba hapa. Vunja mwiba wa mgongo kwanza, kwa mgongo wa kisu, kuelekea mkiani. Usiamini aliyelala kimya. Hezroni, aliyewatoa nge sitini baharini, alifundishwa upya kushika samaki na mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimuunguza mkono.

Mara mbili kwa wiki alimpeleka zahanati kubadilishwa bandeji, na safari hizi Andrew alimwachia kasia. Kule Generosa alizoea kuzungumza na Brenda wakati anamfunga. Brenda alitaka kujua kila kitu: kwa nini joto, kwa nini nusu saa, kwa nini mwiba mdogo unauma kuliko kisu. Hezroni alisimama mlangoni akasikiliza. Siku moja Generosa aliwaita wote wawili, akaweka beseni la maji mezani, akawaamuru wafumbe macho wakiwa na viwiko majini huku yeye anaongeza maji ya birika kidogokidogo, waseme lini wanaona yametosha. Hezroni alisema mapema mno. Brenda akasema pale hasa Generosa alipokuwa amekusudia.

"Huyu ana mkono," Generosa alisema.

Bandeji ilipotolewa kwa mara ya mwisho, ngozi ya Brenda ilikuwa ya rangi mbili, na imekaza kidogo karibu na kidole gumba. Lakini alikunja ngumi, akafungua, akakunja tena. Asubuhi iliyofuata alimnyang'anya Hezroni kisu.

"Deni limekwisha," alimwambia. "Nenda ukavue."

Hezroni alikwenda kuvua. Alimaliza mwezi mmoja kwenye mtumbwi wa kaka yake, akisubiri samaki kama watu wote, na hakuchukia kama zamani.

Mwezi wa nane Kisa alichomwa. Alikuwa anatoa samaki wa mboga kwenye kikapu bila kutazama, akili yake ikiwa kwenye vyungu vilivyokuwa vinaanikwa. Ngogo akamchoma kwenye kiganja cha kulia, mkono anaozungushia mdomo wa chungu. Alikuwa na miaka sitini na tatu. Aliketi chini, akaushika mkono wake kwa mkono mwingine, uso umebadilika rangi.

Hezroni alikimbia kutoka ufukweni. Alipiga magoti.

"Mama, safari hii najua. Nimefundishwa. Nitapima kwanza."

"Usinishike," alisema Kisa kwa meno yaliyokazwa. "Huu ni mkono wangu wa kufinyangia."

"Mama, nakuomba."

"Mwite Brenda."

Neno hilo lilimwingia Hezroni, maana hakuna anayependa kukataliwa na mama yake mbele ya majirani. Kisha akainuka akaenda kumwita Brenda.

Brenda alikuja amejifunga kanga kiunoni. Hakuuliza mengi. Alimwambia Hezroni alete sufuria ya bati, si chungu, alete maji ya kuchemka kando na maji baridi kando. Alichanganya. Akatia kiwiko. Akaongeza baridi. Akatia mkono wenye kovu, kisha ule usio na kovu, maana alikwishagundua kwamba ngozi ile mpya humdanganya. Halafu akauchukua mkono mzima wa Kisa akautia. "Huu unasemaje, mama?"

"Ni moto, lakini naweza."

"Haya, sasa tulete mgonjwa."

Wakakaa. Hezroni alichochea moto na kuleta maji kila alipoambiwa. Dakika kumi na tano zilipita Kisa akiwa anauma ukingo wa kanga. Dakika ishirini akauachia. Baada ya nusu saa akasema, kwa sauti ya mshangao kidogo, "Inashuka." Akamtazama mwanawe aliyekuwa amepiga magoti na kata mkononi. "Inashuka kweli, Hezroni. Hukutudanganya."

Alimwachia Brenda mkono wake ukiwa bado majini, na kwa ule mwingine akamgusa Hezroni begani. "Ndaga fijo," alisema, na haikujulikana anamshukuru nani kati yao.

Jioni walimpeleka zahanati. Generosa hakupata hata kipande cha mwiba. Siku ya nne Kisa alirudi kwenye udongo wake.

Tangu hapo watu wa Ikombe waliacha kukimbilia wembe. Aliyechomwa humtafuta Brenda kwanza, na Brenda akiwa sokoni ndipo humtafuta Hezroni, naye huja na sufuria ya bati, na huwa wanamchunga kuona kama ametia kiwiko. Yeye hajali kuchungwa. Mzee Asegelile alipochomwa alikubali kutiwa mkono majini kwa sharti kwamba isitangazwe kanisani, lakini ilijulikana kabla maji hayajapoa. Generosa alihamishiwa wilaya nyingine mwaka 2022. Kabla hajaondoka alikuja kwa mtumbwi akashinda Ikombe siku nzima, akakusanya wavuvi na wasafishaji samaki, akawaambia wamsikilize Brenda kwa saa moja, na yeye mwenyewe akaketi nyuma.

Hezroni alioa mwaka uliofuata, msichana wa Makwale aitwaye Catheline, ambaye kwao wanalima kakao na ambaye alikuwa hajawahi kumshika ngogo. Miwani ya kuzamia bado anayo. Siku ambazo ziwa limetulia huenda kwenye miamba, huzama, hukaa na wale samaki wa bluu na wa manjano kwa kadiri pumzi inavyoruhusu, bila wavu. Catheline alimuuliza mara moja anafuata nini huko ikiwa harudi na kitu. Alifikiri, kisha akamwambia aje siku moja atazame. Alikuja. Sasa huenda wote wawili, mke akikaa kwenye mtumbwi na kuhesabu kwa sauti, ili ajue lini aanze kuwa na wasiwasi.